Robert Koch: mtu wa BK na vipofu wa visiwa vya Ssese

LUBUMBASHI – Hapa Hewa Bora mtu akikohoa wiki mbili mfululizo, majirani hawamwachi. Wanamwambia aende kupima BK. Anapewa kikopo kidogo cha plastiki, anatoa makohozi ya asubuhi, halafu anasubiri jibu. Herufi hizo mbili zimekaa midomoni mwetu hata wengi wanadhani ndilo jina la ugonjwa wenyewe. B ni basili, kijidudu chenye umbo la kijiti. K ni mtu: Robert Koch, daktari Mjerumani ambaye tarehe 24 Machi 1882, mjini Berlin, alitangaza kwamba amekiona kijidudu kinacholeta kifua kikuu. Ndiyo sababu Siku ya Kifua Kikuu Duniani inaadhimishwa kila tarehe hiyo.

Sehemu hiyo ya maisha yake inafundishwa katika kila shule ya uuguzi. Nyingine haitajwi sana, ingawa ilitokea upande wetu huu wa Afrika, ndani ya Ziwa Viktoria. Kati ya mwaka 1906 na 1907, kwenye visiwa vya Ssese nchini Uganda, Koch aliwachoma sindano watu zaidi ya 1,000 waliokuwa na malale, ugonjwa wa kulala. Zaidi ya 20 kati yao walipofuka na hawakuona tena. Kilichowapofusha ni dawa waliyochomwa.

Tunayarudia maisha ya mtu huyu kwa sababu ya swali linalowasumbua wauguzi wetu kila mwisho wa mwezi wanapojaza ripoti ya wilaya ya afya. Mgonjwa akidhurika kwa tiba yenyewe, kwa sindano, kwa kisu cha upasuaji au kwa kidonge, jambo hilo linaandikwa wapi? Maisha ya Koch yanagusa pande zote mbili za swali. Yeye ndiye aliyeonyesha kwa uwazi jinsi kidonda cha upasuaji kinavyooza, na yeye pia alitoa dawa mbili zilizowaumiza waliozipokea.

Mtoto wa mji wa migodi

Alizaliwa tarehe 11 Desemba 1843 huko Clausthal, mji wa migodi kwenye milima ya Harz, Ujerumani. Baba yake alikuwa afisa wa migodi. Msomaji wa Katanga anaweza kuuona mji wa namna hiyo bila kufika: vumbi, zamu za kazi, na wanaume wanaokohoa.

Alisoma udaktari katika Chuo Kikuu cha Göttingen, akamaliza mwaka 1866. Mmoja wa walimu wake, Jakob Henle, alikuwa ameandika tangu mwaka 1840 kwamba magonjwa ya kuambukiza huletwa na viumbe hai vidogo sana. Wakati huo madaktari wengi walikuwa bado wanalaumu hewa mbaya. Mwaka 1867 Koch alimwoa Emmy Fraatz, wakapata binti mmoja. Alitumikia jeshini kama daktari katika vita vya Ujerumani na Ufaransa vya 1870 na 1871, mahali ambapo majeruhi wengi waliokolewa risasini wakaja kufa kwa usaha baada ya kukatwa mguu au mkono.

Kuanzia mwaka 1872 alikuwa daktari wa wilaya huko Wollstein, mji mdogo ambao leo uko Poland. Kazi yake ilikuwa ya kila siku: chanjo, wakulima wagonjwa, vyeti vya vifo. Maabara yake ilikuwa pembe ya chumba cha kupokelea wagonjwa, ikiwa na mikroskopu moja. Hapo ndipo alipofuatilia maisha yote ya kijidudu cha kimeta, ugonjwa uliokuwa ukiua kondoo na ng'ombe wa wilaya yake, akachapisha matokeo mwaka 1876. Daktari wa kijijini asiyejulikana alikuwa amewapita maprofesa wa miji mikubwa.

Kidonda, kisu na sindano

Mwaka 1878 Koch alitoa kitabu kuhusu magonjwa yanayotokana na vidonda kuambukizwa. Wakati huo katika hospitali za Ulaya mtu aliogopa wodi kuliko kisu. Upasuaji ungekwenda vizuri, na baada ya siku chache kidonda kingeanza kunuka, homa ingepanda, na mgonjwa angekufa. Madaktari waliita hali hiyo kwa majina mengi, na mara nyingi walimlaumu mgonjwa mwenyewe kwamba mwili wake ulikuwa dhaifu.

Koch aliwachukua panya, akawachoma maji ya nyama au damu iliyooza. Waliougua wakafa. Kisha akachukua kiasi kidogo sana cha damu ya panya aliyekufa, akakiingiza katika panya mzima. Huyo naye akafa kwa namna ileile, na damu yake ikamuua mwingine, na mwingine. Kilichokuwa kikihama kutoka mnyama hadi mnyama kilikuwa kijidudu, na kila aina ya kidonda kibaya ilikuwa na kijidudu chake. Ncha ya kisu iliyoguswa na damu kidogo ilitosha kuubeba ugonjwa.

Mwaka 1881, akiwa sasa Berlin katika Ofisi ya Afya ya Dola, yeye na wenzake walipima dawa na njia za kuua vijidudu. Waliona kwamba asidi ya kaboliki, ambayo wapasuaji wengi waliitegemea wakimfuata Joseph Lister wa Uingereza, haikufanya kitu kwa mbegu sugu za kimeta ikichanganywa na mafuta. Waliona pia kwamba mvuke wa maji yanayochemka unaua vijidudu vizuri kuliko joto kavu. Chungu cha mvuke cha kusafishia vyombo, kilichopo leo hata katika kituo kidogo cha afya cha Lubumbashi, kina mzizi wake katika majaribio ya aina hiyo.

Hapa niruke kidogo nije Kongo, kwa sababu somo la mwaka 1878 lilikuja kulipiwa kwetu kwa bei kubwa. Mwaka 1976, huko Yambuku, kaskazini mwa nchi iliyokuwa inaitwa Zaire, wauguzi wa hospitali ya misheni walikuwa wakipewa sindano tano kila asubuhi kwa kazi ya siku nzima. Baada ya kumchoma mgonjwa, sindano ilisuuzwa tu katika maji ya uvuguvugu, kisha ikatumika kwa anayefuata. Virusi vya Ebola vikapita katika sindano hizo. Waliougua walihesabiwa 318, na 280 wakafa. Kati ya wafanyakazi 17 wa hospitali, 11 walikufa. Koch alikuwa ameonyesha njia hiyohiyo kwa panya miaka 98 kabla.

Mambo haya yanaandikwaje? Mwaka 1893, huko Chicago, taasisi ya kimataifa ya takwimu ilipokea orodha ya sababu za vifo iliyotungwa na Mfaransa Jacques Bertillon, na mwaka 1900 mkutano wa Paris ukaisahihisha kwa mara ya kwanza. Orodha hiyo imekua. Tangu mwaka 1948 inasimamiwa na Shirika la Afya Duniani, na kila ugonjwa una msimbo wake, yaani herufi na tarakimu. Katika toleo la 10, mgonjwa wa Ebola anapata A98.4. Lakini kama virusi vimemwingia kwa sindano ya hospitali, kuna msimbo mwingine, T80.2, wa maambukizo yanayofuata sindano, dripu au damu ya kuongezewa. Na kuna Y62, unaosema kwamba usafi wa kuzuia vijidudu haukufuatwa wakati wa tiba. Ukiandika wa kwanza peke yake, umesema mtu huyu aliugua Ebola. Ukiandika yote mitatu, umesema pia kilichomleta kwenye ugonjwa huo, na ni nini cha kurekebisha kesho asubuhi.

Tuseme mama wa Hewa Bora amejifungua kwa kupasuliwa. Anaruhusiwa kwenda nyumbani, na siku ya kumi anarudi ana homa na mshono unatoa usaha. Orodha hiyo ina msimbo wake, O86.0, maambukizo ya kidonda cha upasuaji wa uzazi. Daftarini, mwuguzi mwenye foleni ya watu thelathini anaweza kuandika homa, au malaria kama kipimo kimeonyesha mstari hafifu. Mama atatibiwa na huenda atapona. Ila mwisho wa mwezi, chumba cha upasuaji kitaonekana hakina tatizo lolote.

Mimi mwenyewe nina kovu kwenye paja, la sindano ya kwinini niliyochomwa nikiwa mtoto. Ilitunga jipu, likapasuliwa, nikachechemea wiki tatu. Mama yangu alitunza fishi yangu miaka mingi. Ilikuwa na neno moja tu: malaria.

Dawa ya siri ya Berlin

Baada ya kifua kikuu mwaka 1882 na kipindupindu nchini Misri na India mwaka 1883 na 1884, jina la Koch lilikuwa kubwa kuliko la daktari yeyote wa Ujerumani. Mshindani wake alikuwa Louis Pasteur wa Paris, aliyekuwa tayari na chanjo ya kichaa cha mbwa. Serikali ya Ujerumani ilitaka jibu.

Mwezi Agosti 1890, katika mkutano mkuu wa kimataifa wa madaktari mjini Berlin, Koch alidokeza kwamba amepata kitu kinachozuia kifua kikuu. Mwezi Novemba akachapisha habari zake, bila kueleza kitu hicho kinatengenezwaje. Kilikuja kuitwa tuberkulini. Kaisari alimpa nishani na jiji la Berlin likampa uraia wa heshima. Treni zilijaa wagonjwa wanaotapika damu, kila mmoja anataka kuchomwa. Daktari mmoja kijana kutoka Uingereza, Arthur Conan Doyle, ambaye dunia inamjua kwa hadithi za Sherlock Holmes, alisafiri hadi Berlin kujionea. Akarudi akiwaonya wasomaji wake wasifurahi mapema.

Wagonjwa waliochomwa walipandwa na homa kali. Wengine walizidiwa, wengine wakafa. Rudolf Virchow, bingwa wa kupasua maiti, alichunguza miili ya waliochomwa, na mwanzoni mwa mwaka 1891 akaeleza kwamba dawa haiui vijidudu. Alikuta dalili kwamba katika baadhi ya wagonjwa ugonjwa ulikuwa umesambaa sehemu mpya baada ya sindano. Mwezi huohuo Koch alilazimika kueleza siri yake: tuberkulini ilikuwa maji ya gliserini yaliyochujwa kutoka vijidudu vyenyewe.

Linalonivutia katika kisa hiki ni alichokifanya Virchow. Mgonjwa wa kifua kikuu akifa, kila mtu anaandika kifua kikuu. Hakuna anayeshangaa, kwa sababu ugonjwa huo unaua. Bila yule mzee wa kupasua maiti kuuliza kama sindano nayo ilikuwa na sehemu yake, vifo hivyo vingeingia katika safu ya kawaida na dawa ingeendelea kutolewa muda mrefu zaidi. Hospitali za Prussia nazo zilitakiwa kutoa ripoti za matokeo yao, na hesabu ilipofanywa waliopona kweli walikuwa wachache.

Koch alikuwa amejichoma dawa hiyo mwenyewe, akaugua vibaya. Alimchoma pia msichana aliyempenda, Hedwig Freiberg, ambaye alikuwa na umri wa chini ya miaka 20. Mwaka 1893 aliachana na Emmy akamwoa Hedwig, na watu wa Berlin walipata la kusema. Pamoja na aibu hiyo, serikali ilimfungulia mwaka 1891 taasisi ya magonjwa ya kuambukiza, ambayo leo inabeba jina lake. Tuberkulini nayo haikupotea. Baadaye ilionekana inafaa kwa kupima, na mpaka sasa watoto wanachomwa kidogo kwenye ngozi ya mkono kuona kama wamekutana na kifua kikuu.

Safari za Afrika

Kuanzia mwaka 1896 Koch alikuwa mtu wa safari. Alikwenda Kimberley, Afrika Kusini, kwa ajili ya sotoka iliyokuwa ikimaliza ng'ombe. Mwaka 1897 na 1898 alikuwa katika Afrika Mashariki ya Kijerumani, Tanzania bara ya leo, akichunguza malaria na magonjwa ya mifugo, na kuthibitisha kwamba tauni ilikuwapo upande wa Bukoba. Mwaka 1903 alikuwa Bulawayo. Mwaka 1905 alipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi yake ya kifua kikuu, na mwaka huohuo alikuwa amepita tena Dar es Salaam na milima ya Usambara.

Malale wakati huo yalikuwa yanaangamiza watu pembezoni mwa Ziwa Viktoria. Kati ya mwaka 1900 na 1906 yaliua watu zaidi ya 200,000 upande wa Uganda. Mwaka 1903 David Bruce alikuwa amethibitisha kwamba mbung'o ndiye anayeyabeba. Visiwa vya Ssese vilikuwa vimepoteza zaidi ya nusu ya watu wake. Kwetu Kongo ugonjwa ulikuwa ukipanda mito kuingia ndani ya nchi, na mabonde ya Lualaba na Luapula hayakusalimika.

Mwaka 1906 Ujerumani ilimtuma Koch, akiwa na umri wa miaka 62, kuongoza msafara wa madaktari. Walipita Amani na Mwanza, lakini wagonjwa waliowatafuta walikuwa wengi upande wa Waingereza. Kwa ruhusa ya Waingereza wakafungua kambi kwenye kisiwa cha Bugala, kikubwa kuliko vyote vya Ssese, mwezi Agosti 1906. Habari zikaenea upesi kwamba mzungu mzee ana sindano ya malale. Watu walikuja kwa mitumbwi, wengine wamebebwa na ndugu zao, wengine wamefungwa kamba kwa sababu ugonjwa ulikuwa umewaharibu akili.

Dawa iliitwa atoxyl, jina linalodai kwamba haina sumu. Ilitengenezwa kwa aseniki. Mwaka 1905 watafiti wa Liverpool walikuwa wameonyesha kwamba inaua vijidudu vya malale katika wanyama. Koch alianza kwa kuwachoma wagonjwa nusu gramu, siku mbili mfululizo, kisha baada ya siku kadhaa tena. Ndani ya saa chache vijidudu vilitoweka kwenye tezi za shingo. Watu waliokuwa wamelala chini waliamka, wakala, wakatembea. Unaweza kuelewa furaha ya kambini, na telegramu zilizokwenda Berlin.

Baada ya wiki kadhaa vijidudu vilirudi kwa baadhi yao. Hapo Koch alipandisha dozi hadi gramu nzima. Wagonjwa wakaanza kulalamika kizunguzungu, kichefuchefu na tumbo kusokota. Kisha wengine wakasema hawaoni vizuri. Aseniki ilikuwa imekula mishipa ya fahamu ya macho. Katika taarifa zake Koch alikubali kwamba upofu umewapata watu zaidi ya 20 na kwamba hautapona, akarudi kwenye nusu gramu.

Wanaomtetea husema angalau aliandika. Ni kweli, na si kila daktari wa zama zake angeandika. Ila tusome vizuri alichoandika. Aliandika hesabu. Wale vipofu hawana majina katika habari hiyo, wala vijiji. Wagonjwa wengi waliacha kuja baada ya sindano chache, kwa maumivu au kwa hofu, na aliyerudi kwao na mtumbwi hakufuatiliwa. Akiwa alipofukia nyumbani mwezi wa pili, hakuna daftari lililomhesabu. Wala hakuna aliyewauliza watu hawa, raia wa makoloni, kama wanakubali kujaribiwa dozi kubwa. Kwa hiyo hiyo 20 na zaidi tuisome kama hesabu ya chini.

Kwa orodha ya leo, mtu wa Bugala angeandikiwa misimbo mitatu: B56 ya malale, H54 ya upofu, na mmoja wa kundi la Y41, la madhara ya dawa za kuua vimelea zilizotolewa kwa njia ya tiba. Kundi hilo la Y halimaanishi kwamba daktari alikosea. Dawa sahihi, kwa dozi sahihi, inaweza kudhuru, na msimbo unalisema hilo bila kumshtaki mtu. Nadhani hapa ndipo wengi wanaposhindwa. Mwuguzi anaogopa kwamba akiandika usaha wa mshono au jipu la sindano, mkaguzi atakuja kumtafuta yeye.

Koch alitoa pia ushauri mwingine katika safari hiyo. Alipoona mbung'o wanakunywa damu ya mamba, alipendekeza mamba wauawe. Alipendekeza wagonjwa watengwe katika kambi maalumu na vichaka vya ukingoni vifyekwe. Mwaka 1907 alirudi Ujerumani. Wasaidizi wake walibaki, na upande wa Wajerumani kambi za kutenga zikafunguliwa kando ya Ziwa Viktoria na Ziwa Tanganyika. Atoxyl iliendelea kutolewa humo, pamoja na dawa nyingine za aseniki za majaribio, na wagonjwa waliendelea kutoroka. Msaidizi wake mmoja, Friedrich Karl Kleine, ndiye aliyekuja kuonyesha kwamba kijidudu cha malale hukua ndani ya mwili wa mbung'o.

Katika Kongo ya Wabelgiji nako atoxyl ilitolewa katika vituo vya kutenga wagonjwa, na huko nako watu walipofuka. Baadaye ikaja tryparsamide, ambayo daktari Mmarekani Louise Pearce aliijaribu Léopoldville, Kinshasa ya leo, mwaka 1920. Iliponya wengi zaidi. Nayo ilikuwa na aseniki, nayo iligusa macho ya baadhi ya wagonjwa.

Mwaka 1910

Koch alikufa kwa ugonjwa wa moyo huko Baden-Baden tarehe 27 Mei 1910, akiwa na miaka 66. Ni mwaka uleule mji wetu ulipoanzishwa kwa jina la Élisabethville. Mwili wake ulichomwa, na majivu yakawekwa katika chumba maalumu ndani ya taasisi yake mjini Berlin, ambako yako hadi leo.

Aseniki haikuzikwa naye. Tangu mwaka 1949 Wakongo waliofikia hatua ya pili ya malale, pale kijidudu kinapoingia ubongoni, walitibiwa kwa melarsoprol. Ilikuwa inaunguza mshipa inapopita, na wagonjwa waliiogopa. Karibu watu 5 kati ya 100 waliochomwa walikufa kwa dawa, ubongo ukiwa umevimba. Madaktari walijua, na waliendelea kwa sababu asiyetibiwa alikuwa anakufa kwa hakika. Lakini ndugu waliorudishiwa maiti waliambiwa nini? Mtu alikuwa na malale, amekufa hospitalini akitibiwa malale. Pale ambapo timu za malale ziliandika vifo vya dawa mbali na vifo vya ugonjwa, hesabu hiyo ndiyo iliyokuja kuwasukuma watafiti kutafuta kitu kingine. Asilimia 5 haiwezi kupatikana katika daftari lenye safu moja.

Kuanzia mwaka 2009 tiba mpya isiyo na aseniki, ya dripu na vidonge, ilianza kuchukua nafasi ya melarsoprol. Kisha ikaja fexinidazole, vidonge vitupu vya siku kumi, vilivyojaribiwa hasa hapa Kongo na kuruhusiwa nchini mwishoni mwa mwaka 2018. Vinamezwa pamoja na chakula, mbele ya mwuguzi. Madhara yake yanayojulikana ni kutapika, kuumwa kichwa na kukosa usingizi, na mwuguzi anayemtazama mgonjwa akimeza anatakiwa kuuliza habari hizo kila siku, kisha aziandike mbali na dalili za malale.